Bango la mafuta na mikataba tusiyoisoma

Jumatano ya kwanza ya mwezi, asubuhi, pita kwenye kituo chochote cha mafuta Kirumba, hapa Mwanza. Utamkuta kijana kapanda ngazi, anabadilisha tarakimu kwenye bango. Chini yake wamesimama bodaboda, na wavuvi na madumu yao, wote wameinua shingo. Hakuna anayesema neno mpaka tarakimu ya mwisho imekaa mahali pake.

Mvuvi ana sababu ya kuikodolea macho. Mtumbwi wa mashine ukirudi mwaloni, samaki wakishauzwa, kinachotolewa kwanza ni gharama ya petroli. Kinachobaki ndicho tajiri mwenye chombo hugawana na vijana waliokesha majini. Kwa hiyo petroli ikipanda, pato la kijana linapungua bila mtu yeyote kutamka kwamba kalipunguza. Usiku ni uleule, nyavu ni zilezile, ila fungu limekuwa dogo.

Hata hivyo, bango lile nalitetea. Mafuta ya nchi hii kwa sehemu kubwa huagizwa na kampuni binafsi, na biashara hiyo imekuwa mikononi mwao tangu soko lifunguliwe mwaka 2000. Lakini Serikali haikuzipa kazi ikaenda kulala. Kampuni hushindana kwa zabuni chini ya Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, PBPA. Tangu 2009, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo, mji kwa mji, na kituo kinalazimika kuziandika bei zake mahali zinapoonekana. Vita vya Ukraine vilipoitikisa dunia, Agosti 2022 lita ya petroli Dar es Salaam ilifika Sh3,410, ingawa tangu Juni Serikali ilikuwa imeanza kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi. Tuliumia, lakini tulijua tunaumia kwa shilingi ngapi na kwa nini.

Katika majedwali hayo ya EWURA, Mwanza hulipa zaidi ya Dar es Salaam, na Nansio, kule Ukerewe, hulipa zaidi ya Mwanza. Tofauti hiyo ni nauli ya mafuta yenyewe. Lori la tangi husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandarini hadi ziwani, likiunguza dizeli ili kutuletea dizeli.

Na hapa ndipo inapoanza habari ya mkataba ambao hatukuusoma. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Kwa kila tani, treni hutumia mafuta kidogo kuliko lori, kwa hiyo reli ikiwa na afya, hata bei ya kituoni hupata nafuu. Mwaka 2007 Serikali iliikabidhi reli hiyo kwa kampuni ya RITES ya India: hisa asilimia 51 kwa mwekezaji, 49 kwa Serikali, mkataba wa miaka 25. Kufikia 2011 mkataba ulikuwa umevunjwa na hisa zimerudi serikalini. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na migomo ya wafanyakazi waliodai mishahara, injini za kukodi na treni zilizopungua. Mafuriko nayo yaliharibu njia. Shehena iliyoikimbia reli ilihamia barabarani, na nauli yake ikaangukia kwetu tulio mwisho wa njia.

Kukabidhi kazi kwa kampuni binafsi si dhambi. Kivuko cha Kamanga ni cha binafsi, na watu wa Sengerema wanakipanda kila siku kuja mjini. Shida ni kukabidhi kazi kisha kuficha karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano uko mtaani kwetu, kwenye kilima cha mawe. Gari la taka haliwezi kupanda huku. Vijana hushusha viroba mabegani mpaka barabarani, gari livichukue hadi dampo la Buhongwa. Kazi hiyo ina mzabuni, na kila kaya inalipa ada. Ada haibadiliki, dizeli inabadilika kila mwezi. Dizeli ilipopanda, gari lililokuwa likija mara mbili kwa wiki likaja mara moja, kisha likawa linaruka wiki. Viroba vikapasuka. Mvua ilipokuja ikavisomba hadi Mto Mirongo, na Mirongo humwaga ziwani, maji yaleyale anamovua mwenye dumu la petroli.

Kwenye mkutano wa mtaa mama mmoja aliuliza, "Mwenyekiti, mkataba unasema gari lije mara ngapi?" Mwenyekiti alijibu kwa unyenyekevu kwamba yeye mwenyewe hajauona.

Swali la mama yule lingejibiwa na karatasi moja tu, ibandikwe ukutani ofisi ya mtaa: safari ngapi kwa wiki, analipwa nani na kiasi gani, na mafuta yakipanda nani anabeba mzigo. Mstari wa mwisho ndio muhimu kuliko yote. Usipoandikwa, mzigo huo utabebwa na asiyekuwepo mezani wakati wa kutia saini.

Naandika haya sasa kwa sababu reli ya kisasa ya kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka inajengwa, na Serikali imekwisha kuufungua mlango kwa kampuni binafsi kuendesha treni katika reli za taifa. Mikataba mingine inakuja. Kama tumeweza kumlazimisha mwenye kituo aandike bei ya lita moja kwa tarakimu zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara, hatuna sababu ya kushindwa kuandika masharti ya miaka 25 mahali ambapo mvuvi wa Kirumba anaweza kuinua shingo akayasoma.