Kununua Lori la Dizeli Lililotumika: Namna ya Kupima Kilomita na Hali ya Gari

Lori lililotumika ni miongoni mwa vitu vya gharama kubwa ambavyo mfanyabiashara mdogo hununua kwa mkupuo mmoja. Wengi hulinunua kwa mkopo uliowekewa nyumba au shamba kuwa dhamana, ama kwa akiba ya miaka mingi ya familia nzima. Injini ikifa katika mwezi wa tatu, marejesho ya benki hayasimami kusubiri oveholi. Kwa sababu hiyo mnunuzi hana budi kutenga siku mbili au tatu za uchunguzi, hata kama dalali anamweleza kwamba wateja wengine wako njiani na fedha mkononi.

Swali ambalo karibu kila mnunuzi huanza nalo ni hili: limetembea kilomita ngapi? Ni swali la haki, lakini jibu linaloonekana kwenye dashibodi ni madai tu, wala si ushahidi. Odometa za zamani, zenye magurudumu madogo ya namba, ziliweza kurudishwa nyuma kwa mkono. Za kielektroniki hurudishwa kwa kompyuta, na kazi hiyo haiachi alama ya kuonekana kwa macho. Yawezekana pia dashibodi ilibadilishwa kwa nia njema kabisa baada ya kuungua, na namba ikaanza upya au ikaendelea na ya gari jingine. Namba hiyo basi isomwe pamoja na mashahidi wengine: kazi ambayo gari lilifanya, karatasi zake, sehemu zinazolika kwa matumizi, na injini yenyewe. Mashahidi hao wakipatana, namba iaminiwe. Wakipingana, namba ndiyo iachwe.

Kazi ambayo gari lilifanya

Uliza kwanza lori lilikuwa likibeba nini na kwenda wapi, kisha piga hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo kwenda na kurudi ni zaidi ya 1,800. Lori linalofanya safari nne za namna hiyo kwa mwezi hutembea kilomita zipatazo 7,000 na zaidi, yaani zaidi ya 80,000 kwa mwaka. Muuzaji akisema lori lake limefanya njia hiyo kwa miaka mitano bila kulala, na odometa inaonyesha 190,000, mojawapo ya maelezo hayo mawili si kweli. Huhitaji kifaa chochote kugundua hilo. Unahitaji kalamu na muuzaji anayezungumza kwa uhuru. Mwache aeleze habari za gari kabla hujaitazama dashibodi.

Mnunuzi asidhani, hata hivyo, kwamba kilomita chache daima ni heri. Tipa lililosomba mchanga na kokoto kwa miaka minne huenda limetembea kilomita 120,000 tu, lakini kila moja ya hizo ilikuwa ya gia ya chini, vumbi, mashimo na kunguruma likisubiri kupakiwa. Lori la safari ndefu lenye kilomita 600,000, lililobadilishiwa oili kwa wakati na kuendeshwa na dereva mmoja, mara nyingi ni ununuzi bora kuliko tipa hilo. Maoni yetu katika jambo hili ni ya wazi: ukilazimika kuchagua kati ya kilomita chache zisizo na kumbukumbu na kilomita nyingi zenye kumbukumbu, chagua za pili.

Malori ya miaka ya karibuni yenye injini inayoongozwa kwa kompyuta hutoa shahidi ambaye wanunuzi wengi humsahau, nayo ni saa za injini. Fundi mwenye mashine ya kupimia huunganisha na kompyuta ya injini na kusoma jumla ya saa ambazo injini imenguruma. Katika aina nyingine husoma pia jumla ya kilomita, iliyohifadhiwa mbali na dashibodi. Gawanya kilomita za odometa kwa saa hizo. Tuseme odometa inaonyesha kilomita 300,000 na kompyuta ya injini inaonyesha saa 15,000. Jibu ni kilomita 20 kwa saa. Lori la masafa marefu, hata ukihesabu foleni na kusimama kwenye mizani, kwa kawaida huzidi wastani huo kwa mbali. Kama lilikuwa gari la masafa marefu kweli, kilomita zake halisi huenda ni mara mbili ya zilizoandikwa. Kama lilikuwa gari la mjini au tipa, wastani wa 20 unaaminika, lakini hapo saa 15,000 ndizo zinazokueleza uchovu wa injini, si zile kilomita. Uliza pia kama injini au kompyuta yake iliwahi kubadilishwa, kwa maana saa hizo hufuata kompyuta, hazifuati gari.

Karatasi

Kwa gari lililoagizwa kutoka Japani, omba cheti cha kufutiwa usajili kilichotolewa kabla gari halijasafirishwa. Cheti hicho huandikwa usomaji wa odometa. Dashibodi ikionyesha kilomita pungufu kuliko cheti, hakuna mjadala uliobaki. Malori mazito yaliyotoka Ulaya huwa na takografu, chombo kinachorekodi mwendo na muda wa kuendesha. Yaliyosajiliwa huko kwa mara ya kwanza tangu Mei 2006 yana ya kidijitali, na kumbukumbu za marekebisho yake huhifadhi kilomita za siku marekebisho yalipofanyika. Magari madogo ya mizigo kutoka Uingereza mara nyingi huhesabu maili. Maili moja ni kilomita 1.6, kwa hiyo 100,000 iliyoandikwa hapo ni kilomita 160,000.

Kwa gari lililokwisha kufanya kazi nchini, tafuta karatasi ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya kuuzia: daftari la matengenezo, risiti za oili na vipuri zenye kilomita na tarehe, hati za mizigo. Kibandiko kidogo cha kubadilisha oili kilichosahauliwa mlangoni kimewahi kufichua mengi kuliko faili zima. Dereva wa zamani, ukimpata, ana habari ambazo mmiliki mwenyewe hana. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye kadi, na namba ya injini vilevile. Kadi ikiwa na jina la benki pamoja na la mmiliki, gari hilo lina deni, na muuzaji peke yake hana uwezo wa kukuhamishia.

Chuma kinavyosema

Ingia ndani ya kabini. Mpira wa pedali ya klachi, kitasa cha gia, usukani, kiti cha dereva na ngazi ya kupandia upande wake hulika kadiri gari linavyotumika. Pedali iliyolika hadi chuma haipatani na kilomita 90,000. Mpira mpya kabisa katika kabini iliyochakaa nao uulizwe; hakuna ubaya kuubadilisha, ila kuna sababu ya kuuliza kwa nini ulibadilishwa wiki hii.

Chini ya gari, kaa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Chasisi ndiyo isiyonunuliwa dukani. Tafuta nyufa na alama za kuchomelea, hasa karibu na vishikio vya springi na pale bodi au sahani ya kukamatia tela ilipofungwa. Rangi nyeusi mbichi iliyopigwa chini kote kwenye gari la miaka kumi na tano ni jambo la kukwaruza kwa funguo na kutazama kilicho chini yake. Lori lililozoea kuzidisha uzito huonyesha springi zilizolala au zilizoongezwa majani, tairi za nyuma zilizolika bila usawa na chasisi iliyopinda kidogo katikati. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 iliweka ukomo wa tani 56 kwa gari na tela lake. Aliyekuwa akikwepa ukomo huo hakumwibia barabara pekee, amekuuzia pia chuma kilichochoka. Shika tairi la mbele lililoinuliwa na jeki, litikise juu na chini: likicheza, kingipini au beringi zimekwisha.

Injini

Mtake muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika, na ukifika, iguse. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi. Injini ya dizeli iliyochoka hujificha vizuri ikiwa na joto, lakini asubuhi ikiwa baridi husumbua kuwaka na kutoa moshi mweupe mwingi wenye harufu ya dizeli isiyoungua. Moshi mweupe wa muda mfupi katika baridi ya Njombe au Makete haushangazi; ukiendelea baada ya injini kupata joto, kompresheni ni hafifu, nozeli ni mbovu, au maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi unapokanyaga kwa nguvu ni dizeli iliyozidi hewa, na chanzo chake kinaweza kuwa kidogo kama kichujio cha hewa kilichoziba au kikubwa kama turbo au pampu.

Kipimo rahisi kuliko vyote hakigharimu chochote. Injini ikiwa ya moto na ikinguruma polepole, fungua mfuniko wa kujazia oili na uuache juu ya tundu bila kuukaza. Pumzi ndogo ni ya kawaida. Mfuniko ukirukaruka au kusukumwa kando, na moshi ukatoka kwa mapigo mazito, gesi zinapita pembeni mwa pistoni na injini inakaribia oveholi. Baadhi ya injini hurusha oili kupitia tundu hilo, kwa hiyo simama kando. Usiamue kwa mfuniko peke yake: mahali penye karakana nzuri, lipia kupimwa kompresheni ya kila silinda. Tofauti kubwa kati ya silinda moja na nyingine ina maana zaidi kuliko idadi yoyote ya kilomita.

Weusi wa oili usikutishe. Oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa. Kinachotisha ni oili yenye rangi ya maziwa, maana yake maji yameingia, au oili iliyopanda kupita alama ikinuka dizeli. Oili mpya inayong'aa siku ya mauzo nayo haithibitishi uangalifu wa mmiliki. Fungua rejeta injini ikiwa imepoa, kamwe isiwe ya moto, utazame kama kuna utando wa mafuta. Kisha iwashwe, na mapovu yasiyokoma yatakuonyesha gasketi ya silinda hedi iliyopasuka.

Hatimaye liendeshe, na ikiwezekana liwe na mzigo. Lori tupu kwenye barabara tambarare ya jijini linaweza kumdanganya hata fundi. Tafuta mwinuko, uvute kwa gia ya juu, utazame geji ya joto. Lori litakalopanda Kitonga likiwa limejaa halipaswi kupandisha joto kwenye mwinuko mdogo wa mjini. Sikiliza difu unapoachia mafuta ghafla, na angalia kama gia inachomoka yenyewe. Fundi wa kuandamana nawe awe wa kwako, umlipe wewe, tena umlipe kiasi kilekile ununue usinunue.

Mkataba

Sheria haimsaidii kila mnunuzi kwa kiwango kimoja. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, sharti la kwamba bidhaa iwe na ubora wa kuuzika humfunga muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, kama mwenye yadi; mtu binafsi anayeuza lori lake hafungwi nalo kwa namna hiyo. Tena mnunuzi aliyekagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kukagua kijuujuu basi ni hasara mara mbili. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa udanganyifu na upotoshaji katika biashara, na kurudisha odometa nyuma ili kupandisha bei ni upotoshaji wa wazi. Mnunuzi aliyedanganywa na mfanyabiashara anaweza kupeleka malalamiko yake Tume ya Ushindani, ila atahitaji maandishi.

Maandishi hayo huandaliwa kabla ya fedha kutoka. Mkataba utaje namba ya chasisi na ya injini, usomaji wa odometa siku ya mauzo, na tamko la muuzaji kwamba kilomita hizo ni za kweli, au kwamba hazijui. Matamko yote mawili ni halali; bei ndiyo itakayotofautiana. Muuzaji aliyekusisitizia kwa mdomo kwamba lori limetembea kilomita 190,000 tu, kisha akakataa kuiandika namba hiyo juu ya sahihi yake, amekwisha kujibu swali lako. Piga picha ya dashibodi ikiwa na tarehe, hifadhi nakala ya cheti na matokeo ya vipimo vya fundi, na ulipe kupitia benki kwa jina lilelile lililo kwenye kadi ya gari.