Mwanafunzi Akiomba Ruhusa, Mpe

Muhula uliopita nilimsikia mwalimu mwenzangu akimkemea kijana wa kidato cha pili aliyeomba ruhusa mara mbili katika kipindi kimoja. "Keti! Kwani tumbo lako lina mlango?" Darasa zima likaangua kicheko. Kijana akaketi, kiganja kikiwa kimeufunika ubavu wa kulia wa tumbo. Mimi niliyekuwa nikipita barazani sikucheka, kwa maana tumbo langu lina mlango.

Miaka kadhaa iliyopita utumbo wangu ulijisokota. Madaktari waliikata sehemu iliyokufa, wakaitoa nje ncha ya utumbo mwembamba kupitia tundu tumboni. Tundu hilo huitwa stoma. Juu yake hubandikwa kibandiko chenye mfuko, na haja hutoka saa yoyote ipendayo, bila kumwomba mwenyewe idhini.

Stoma yenyewe haiumi ikiguswa. Kinachoumia ni ngozi iliyoizunguka. Majimaji ya utumbo mwembamba yamejaa vimeng'enya vya kusaga chakula, navyo havibagui baina ya nyama ya sahanini na nyama ya mwenye tumbo. Ngozi yangu ilichubuka ikawa nyekundu mithili ya nyama buchani, ikatoa maji hata gundi ikakataa kushika. Nami nilitenda kila lisilofaa: nikaosha kwa dawa ya kuulia viini, nikapaka mafuta ya mgando, nikaziba palipovuja kwa plasta. Mafuta yalikitelezesha kibandiko. Plasta nayo iliyafungia majimaji pale pale juu ya kidonda.

Muuguzi mmoja aliniuliza tundu la kibandiko nimelikata kwa kipimo gani. Nikamwambia: kile nilichopewa siku ya kutoka hospitalini. Akatabasamu. Kumbe stoma hunywea katika majuma 6 hadi 8 baada ya upasuaji, nami nilikuwa ningali nalikata tundu la zamani, ngozi tupu ikiogelea ndani yake. Alipima upya, akaacha nafasi ya milimita 2 tu. Akaniagiza nioshe kwa maji ya uvuguvugu pekee, nikaushe taratibu, ninyunyize podari ya stoma palipochubuka na kuipangusa iliyozidi, ndipo nibandike. Pakianza kuwasha, nisingoje kesho, kwani huenda majimaji yamekwisha kupenya chini. Na mfuko niumwage ufikapo theluthi moja, usizidi nusu, kwa sababu uzito hukibandua kibandiko.

Hapo ndipo lilipo kosa letu walimu. Kipindi ni dakika 40, viwili ni 80. Anayezuiwa kutoka hana misuli ya kujibana, na mfuko ukijaa utavuja tu. Najua wapo wavivu watakaojifanya wagonjwa, nami nimewafundisha wa kutosha. Afadhali nidanganywe na kumi kuliko kumchubua mmoja. Aidha mifuko hii ni ghali, na mzazi asiyejiweza hulazimika kukiacha kibandiko kimoja siku nyingi kupita kiasi. Mtoto wake huvujisha mapema zaidi.

Nilimngoja kijana yule nje ya darasa, nikamnong'oneza kwamba nami ninao. Hakusema neno. Jumatatu iliyofuata alikuja ofisini na kibandiko, mkasi na rula, tukaenda pamoja kwa muuguzi. Tundu alilokuwa akilikata lilizidi stoma yake kwa upana wa kidole.