Leseni Mbili Zisizokubali Kufumwa Pamoja

Tuseme mwalimu wa Runyenjes, Embu, na mwenzake wa Nkubu, Meru, wanaandaa kijitabu cha mimea ya miteremko ya Mlima Kenya: miraa, kahawa, makadamia. Maelezo ya mimea wanayatoa Wikipedia. Ufafanuzi wa usanisinuru unatoka kwenye masomo ya MIT OpenCourseWare, ramani kwenye OpenStreetMap. Kwa kuwa vyote vimewekwa wazi mtandaoni, wanaona hapana kizuizi. Kipo.

Wikipedia hutumia leseni ya Creative Commons BY-SA, toleo la 4.0 tangu 2023. Inakuruhusu kunakili, kubadili, hata kuuza, mradi uwataje waandishi na utoe kazi yako mpya kwa leseni hiyohiyo. MIT hutumia BY-NC-SA. Nayo inadai leseni hiyohiyo, ila inakataza biashara. Ukizifuma aya za pande hizo mbili ziwe andiko moja, leseni ya kwanza inataka wasomaji wako waruhusiwe kuuza, ya pili inataka wakatazwe. Huwezi kuzitii zote, na hata ukikigawa kijitabu bure, mgongano uko palepale.

Sura zikikaa kila moja peke yake na leseni yake imeandikwa wazi, huo ni mkusanyo, na sharti la sura moja haliihusu nyingine. Lakini wakitaka kuwauzia wazazi kijitabu ili wapate faida, ile sura ya MIT itawafunga. Mimi ningeiacha kabisa. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoandikwa, hailindi ukweli wa sayansi. Mwalimu wa baiolojia aweza kueleza usanisinuru kwa maneno yake, tena kwa mfano wa jani la mbuni analolijua. Au atafute andiko la leseni ya BY, inayodai kutaja mwandishi tu. Hilo huingia ndani ya kazi ya BY-SA bila taabu, ingawa kinyume chake hakiruhusiwi.

Ramani ina sheria yake, leseni ya ODbL, inayotumika tangu 2012. Picha ya ramani yaweza kuchapwa kijitabuni, mradi wachangiaji wa OpenStreetMap watajwe. Walimu hao wakiongeza viwanda vya kahawa vya Embu kwenye data yenyewe na kuisambaza, data hiyo nayo lazima itolewe kwa ODbL.

Na ile picha nzuri ya shamba la miraa isiyo na leseni yoyote? Hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, picha hulindwa hata kama haikusajiliwa kwenye KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Ukimya wa mpiga picha si ruhusa.

Walimu wenzangu, amueni kwanza kama kijitabu kitauzwa na kitatoka kwa leseni gani, ndipo mtafute vya kutia ndani. Na kila kipande mnachokichukua, andikeni siku hiyohiyo mwandishi wake, kilikotoka na leseni yake.