Mombasa: Nyumba za Kuuza, Mji wa Wapangaji

Mwenye nyumba wa Mombasa akiulizwa na mgeni habari za biashara yake hujibu kuwa ni njema, alhamdulillahi, na wapangaji hawakosekani. Ila akikaliwa kitako na kuulizwa mara ya pili, hueleza jinsi vyumba vya Changamwe na Miritini vilivyokaa vitupu mwezi hata mwezi baina ya 2019 na 2022, zama shehena za bandarini zilipoamriwa zipande reli, na madereva, mataniboi na wauza vyakula waliokuwa wakiyategemea malori wakafunga mizigo yao wakarudi makwao. Amri ile imekwisha kuondolewa, baadhi ya watu wamerejea, na kodi imeanza tena kupanda kwa mwendo wake wa siku zote, yaani bila ya kumngoja mtu. Chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba sita vinavyotazamana ukumbini na choo kimoja uani, aghalabu hulipiwa shilingi 3,000 hadi 5,000 kwa mwezi kwa kadiri ya mtaa. Na sheria ya kudhibiti kodi, ambayo ingali katika vitabu, humlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500, na mwenye kuipata nyumba kama hiyo leo hana haja ya sheria, bali ana haja ya kumwombea dua mwenye nyumba wake.

Katika soko hilo ndimo kaunti ilimoingia na azma ya kuijenga upya mitaa ya kale, ipatayo kumi, ambayo iliirithi kwa baraza la manispaa mwaka 2013: Buxton, Tudor, Khadija, Mzizima, Changamwe, Likoni na mingineyo. Mitaa hii asili yake haikuwa ihsani. Mgomo wa wafanyakazi wa mji na bandari wa mwaka 1939 uliushtua utawala wa Kiingereza, na tume iliyowekwa kuchunguza chanzo chake ikakuta kwamba katika vilio vikubwa vya watu kimojawapo ni kodi kubwa na ufinyu wa malazi. Ndipo waajiri na baraza la mji wakaanza, polepole mno, na hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuwajengea wafanyakazi nyumba ambazo kodi yake ililingana na ujira wao. Kwa hiyo wazo la baraza kujenga nyumba si geni Mombasa. Lililo geni ni hili la baraza kujenga ili kuuza.

Maana ndivyo mambo yalivyo: kaunti hutoa ardhi, mwekezaji hutoa fedha, nyumba za zamani hubomolewa, wapangaji hupewa fedha za kujisitiri kwa muda pamoja na ahadi ya kutangulizwa katika kununua, kisha maghorofa husimama na kuuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Buxton ndiyo iliyotangulia, na hakuna apitaye daraja la Nyali asiyeyaona majengo yake. Ni mazuri, na mwenye kusema kuwa si mazuri asema kwa choyo. Fauka ya hayo uko mpango wa taifa, ambao kwa ajili yake, tangu sheria ya Machi 2024, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 na mwajiri wake akaongeza mfano wake, ukaahidi nyumba za kijamii kwa wale ambao pato lao halifiki shilingi 20,000 kwa mwezi, na nyumba za bei nafuu kwa wenye pato la baina ya hapo na shilingi 149,000. Kwa mizani hiyo kuli wa bandarini na mhasibu mkuu wa kampuni ya meli waweza wote wawili kuhesabiwa kuwa wahitaji.

Afisa mmoja mwenye kuhusika na makazi, ambaye hakupenda kutajwa, alikuwa na tarakimu mbili mdomoni, akizirudia kama asomaye uradi: upungufu wa nyumba nchini ni milioni 2, na kila mwaka yatakiwa zijengwe 200,000. Hiyo ya milioni 2 tumeisikia miaka na miaka. Serikali zimebadilika, watu wamezaliana, nyumba nyingine zimejengwa na nyingine zimeanguka, nayo haikupungua wala haikuzidi, jambo ambalo si la kawaida kwa hesabu yoyote iliyopata kuhesabiwa kwelikweli. Alipoulizwa fungu la Mombasa katika upungufu huo ni lipi, alirejea kwenye ile mitaa kumi. Na alipoulizwa ni wapangaji wangapi wa zamani waliokwisha kuingia katika maghorofa mapya wakiwa wenye milki, alisema kwamba jambo hilo lafaa litazamwe kwa mapana yake. Hata hivyo si haki kumdhulumu. Neno lake jingine lilikuwa na maana, nalo ni kwamba kodi ya nyumba za baraza ilikuwa ndogo hata haikuweza kugharimia bomba lililopasuka, seuze ukuta uliobomoka, na kwamba watu waliokuwa wakizisifu nyumba hizo zilipobomolewa ndio waliokuwa wakizilalamikia zilipokuwa zimesimama.

Ama juu ya nani anunuaye, hapo ndipo maneno ya wakuu yanapopungua na ya madalali yanapozidi. Mikopo ya nyumba ya rehani katika Kenya nzima, nchi ya watu zaidi ya milioni 47, ni kiasi cha 30,000 tu. Na Mombasa kuna sababu ya ziada isiyosemwa sana katika vikao vya wachumi, kwamba watu wengi wa mji huu huiogopa riba kwa ajili ya dini yao, na japo zipo benki zenye kununua nyumba na kumwuzia mteja kwa faida iliyokubaliwa tangu mwanzo, au kumkodisha mpaka iwe yake, nazo pia huanza kwa kuuliza hati ya mshahara. Kibarua alipwaye kutwa kwa kutwa hana karatasi hiyo. Wanunuzi, kwa maneno ya madalali, ni watumishi wa serikali, wafanyabiashara wanaotafuta mahali pa kuweka rasilmali, na wana wa pwani walioko Ghuba na Ulaya wanaotuma fedha kwa ndugu zao. Na sehemu ya hao hawanunui ili wakae, hununua ili wapangishe. Ikiwa ndivyo, na hatuna sababu kubwa ya kutosadiki, basi ardhi ya umma iliyokuwa na wapangaji wa kodi ndogo itakuwa na wapangaji wa kodi kubwa, na tofauti itaingia mfukoni mwa mtu wa tatu.

Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi upande wa Changamwe, ambaye amekuwa katika kazi ya saruji, mabati na vyuma tangu ujana wake, ana hamaki yake juu ya yote haya, na kwa kuwa hamaki yake ina hesabu ndani yake twaiandika kwa urefu. Asema kwamba kazi za kaunti zilipoanza kutangazwa yeye alikuwa miongoni mwa waliofurahi. Akakopa, akajaza ghala, akamwuzia mkandarasi kwa makubaliano ya kulipwa baada ya siku 90, na siku 90 zikazaa nyingine. Mkandarasi husema hajalipwa na kaunti, kaunti husema haijaletewa mgao wake na hazina ya taifa, na hazina haina dirisha ambalo mtu wa Changamwe aweza kwenda kuligonga. Benki peke yake ndiyo isiyokuwa na wa kumsingizia, kwani tarehe ya marejesho ikifika imefika. Malalamiko haya si ya mtu mmoja: madeni ambayo kaunti 47 kwa jumla zinadaiwa na wauzaji na wakandarasi yamepata kupita shilingi bilioni 150 kwa hesabu za serikali yenyewe, na katika deni kama hilo wenye maduka madogo ndio wanaosimama mwisho wa safu.

Na pale ambapo fedha si za kaunti bali ni za mwekezaji, aendelea kusema, malipo huja kwa wakati ila oda haiji. Vigae, vitasa, masinki na fremu za madirisha huagizwa ng'ambo moja kwa moja, zikaingia Kilindini katika makontena, zikapita mbele ya duka lake zikiwa juu ya lori. Yeye akauza misumari. Hotuba husema milango itatoka kwa mafundi wa jua kali, na seremala aliye jirani yake aliletewa kipimo, akaambiwa yatakiwa milango mia iliyo sawasawa, ya mbao zilizokaushwa kwa mashine, na malipo yatakuwa kazi ikisha kupokelewa. Fundi ambaye mtaji wake ni wa mbao za milango kumi, na hiyo kumi yenyewe kwa arubuni ya mteja, alirudisha kipimo kwa shukrani. Wateja wa kweli wa duka hili ni wale ambao hakuna hotuba inayowataja: mwanamke aliyerudi Saudia na akiba ya miaka miwili ya utumishi wa nyumbani, baharia mstaafu, mwalimu mwenye kiwanja Likoni, watu wanaonunua mifuko kumi ya saruji leo na mabati ishirini miezi mitatu baadaye, wakatia mawe ya machimbo ya Mtwapa au Tiwi kwa kadiri ya uwezo, mpaka uani pakatokea vyumba vinne vya kupangisha. Hao hulipa taslimu, na hao, kwa rai yake, ndio wanaoipa Mombasa malazi ilhali wakuu wanaipa michoro.

Mtu huyu ana maslahi yake, na haifai kulisahau hilo: mji ukijengwa chumba kwa chumba, duka lake huuza, na mji ukijengwa ghorofa kwa ghorofa, hupitwa. Wala hakusema neno juu ya vyumba vyenyewe, ambavyo vingi havina dirisha la kupitisha hata upepo wa kusi, wala juu ya jamaa sita wanaopangiana foleni ya choo alfajiri. Lakini hoja yake ya msingi hatujaisikia ikijibiwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuipa nafasi kubwa kuliko ya afisa mwenye tarakimu.

Nyuma ya biashara hii ya vyumba kuna jambo la ardhi, ambalo msomaji wa pwani hana haja ya kufundishwa. Sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyotakiwa kuthibitisha milki katika ule ukanda wa maili kumi, iliwaacha wengi bila ya hati na wachache wakiwa na mashamba makubwa. Ndipo Mombasa ikawa na desturi yake ya nyumba bila ardhi, ambapo mtu humiliki kuta na paa, akalipa kodi ya kiwanja kwa mwenye shamba au kwa wakfu, na benki yoyote ikikataa kuzitambua kuta hizo kuwa rehani. Mwenye kuta asiyekuwa na udongo hajengi ghorofa. Serikali ya taifa ilipata kulinunua shamba moja la Likoni la ekari 930 ili kuwatuliza walioishi humo, na mwaka 2016 hati zikaanza kutolewa. Kisha wenye kupewa wakatakiwa walipe shilingi 182,000 kila mmoja, na ghadhabu zilizofuata zilionyesha kwamba walidhani wamerudishiwa haki, kumbe wameuziwa. Ikiwa kaunti itashindwa katika jambo lolote, wengi wa waliozungumza nasi wanadhani itashindwa hapa, kwani mitaa ile kumi ndiyo karibu ardhi yote iliyo mkononi mwake bila ya ubishi.

Maji nayo yasisahauliwe. Bomba kuu kutoka chemchemi za Mzima lilifunguliwa mwaka 1957 kwa mji uliokuwa sehemu ndogo ya mji wa leo, na mpaka sasa mitaani maji huuzwa kwa mikokoteni na mitungi. Ghorofa ya kumi haina mkokoteni.

Kuhusu wale wasiokuwa hata na chumba, mipango yote hii inasema kidogo mno. Hesabu ya watu wa mitaani iliyofanywa mwaka 2018 iliwakuta zaidi ya 46,000 nchini, na Mombasa, yenye zaidi ya 7,000, ilikuwa ya pili baada ya Nairobi. Walalao kwenye vibaraza vya maduka Mwembe Tayari hawamo katika daraja lolote la sheria ya nyumba nafuu, kwa kuwa daraja la chini kabisa humdhania mtu kuwa na pato na uwezo wa kuweka akiba; wanayopata ni operesheni za kuwaondoa barabarani wageni wanapotazamiwa, na baada ya siku chache hurejea. Afisa wetu alipotajiwa habari hii alisema ni kazi ya idara nyingine.

Matumaini, basi, ni ya kupimwa kwa hadhari. Maghorofa yataendelea kujengwa, kwani ardhi ipo katikati ya mji na wenye fedha hawajaacha kuitamani. Wapangaji wa zamani wa mitaa iliyosalia wameanza kudai ahadi zao ziandikwe kabla ya nyundo kuanza kazi, na hilo laweza kuchelewesha mambo au kuyanyoosha. Kodi ya vyumba haitarajiwi kushuka. Wauzaji wa vifaa, kwa upande wao, wanaitazama Juni kuliko wanavyozitazama hotuba, maadamu mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 ya mwezi huo na hazina, ikiwa italipa, aghalabu hulipa hapo. Yule wa Changamwe ameshaamua kwamba asipolipwa deni la zamani hatampa mkandarasi yeyote wa kaunti hata mfuko mmoja kwa mkopo, na asema wenzake kadhaa wamekwisha kufanya hivyo kimyakimya.