Motere ya zamani ya mtumbwi: kutoka visi platine hadi alumaji ya elektroniki

Wengine watajiuliza: agronome anatafuta nini mu mambo ya motere? Jibu ni fupi. Ninafanya kazi na wakulima wa Idjwi, na kutoka kule hakuna barabara ya kufika soko la Bukavu ao la Goma. Nanasi, tomati, ndizi, kahawa, vyote vinapita juu ya Ziwa Kivu. Mu universite tulisoma namna ya kuongeza mavuno. Lakini tomati iliyovunwa asubuhi, ikikaa nusu siku juani ndani ya mtumbwi uliozimika, ile nyongeza yote inaoza mbele ya macho yetu. Na mu mtumbwi hamuna tomati peke yake. Muko mama na watoto wao.

Motere ikizimika, sisi wote tunalaumu esanse: "Wameichanganya na maji." Inawezekana. Lakini kwa motere za zamani, mara nyingi ugonjwa uko mu cheche. Sasa vijana wengi wanaambia wazee wao wabadilishe, watoe visi platine na kuweka elektroniki. Ni shauri zuri, lakini si kwa kila motere, na kuna kitu kimoja ambacho watu hawasemi. Nitakifikia.

1. Cheche inatoka wapi?

Ninaongea motere za esanse tu. Motere za mazuti hazina buji, hii haiwahusu.

Motere ndogo ya nyuma ya mtumbwi, ile ya kuvuta kamba, haihitaji betri ili iwake. Juu yake kuna gurudumu zito la chuma, mafundi wetu wanaliita vola. Ndani ya vola mumefungwa sumaku. Ukivuta kamba, sumaku zinapita karibu na bobini, umeme unazaliwa. Lakini ule umeme ni dhaifu, hauwezi kuruka nafasi ya buji. Ili bobini itoe maelfu ya volti, lazima umeme wake ukatwe ghafla, na ukatwe wakati pistoni iko karibu kufika juu.

Anayeukata ndiye visi platine: vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Nundu iliyo kwenye mti wa motere inavisukuma, vinaachana, umeme unakatika, cheche inaruka. Pembeni kuna kondansateri, kazi yake ni kumeza umeme unaobaki ili platine zisiungue.

Ni kazi ya akili sana, lakini inachosha chuma. Chukua motere ya mapigo mawili yenye silinda mbili, kila silinda na platine zake. Platine zinafunguka mara moja kwa kila mzunguko. Motere ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, safari ya masaa matatu ni mara 810,000. Kila mara kipande kinachosuguana na nundu kinalika kidogo. Nafasi ya platine, ambayo kwa Johnson na Evinrude nyingi za wakati ule ilikuwa karibu milimita 0.5, inapungua. Ikipungua, platine zinafunguka kwa kuchelewa, na cheche nayo inachelewa. Nguvu inashuka, motere inakuwa ngumu kuwaka. Ongeza unyevu wa ziwa, unaoacha utando juu ya zile nyuso mbili: umeme haupiti tena vizuri. Njo maana motere iliyolala siku tatu kwenye mvua inakataa, kisha fundi anapitisha papie ya msasa mara mbili tu, inaitika.

2. Elektroniki inafanya nini?

Aina iliyoenea mu motere hizi inaitwa CDI. Sumaku na vola vinabaki na kazi yao. Lakini umeme wa bobini ya kuchaji unaingia mu kaboksi kadogo na kujazwa ndani ya kondansateri, mpaka mamia ya volti. Bobini nyingine ndogo inatoa alama sumaku ikipita: "sasa!" Hapo mlango wa elektroniki unafunguka, umeme wote unamwagika kwa mara moja mu bobini ya buji, na cheche inatoka.

Tofauti ni mbili. Ya kwanza, hakuna chuma kinachogusa chuma, basi hakuna cha kulika wala cha kupima kila mara. Ya pili, ule umeme unapanda haraka sana, hivi cheche inaweza kuruka hata buji ikiwa imelowa mafuta. Kwa mapigo mawili hiyo ni faida kubwa, ju tunachanganya oili na esanse, na buji zetu zinachafuka.

Viwanda vyenyewe vilipita njia hii. Johnson na Evinrude za farasi 9.9 na 15 za 1974 mpaka 1976 zilikuwa na platine. Kuanzia 1977, motere za farasi zile zile zikatoka na CDI. Kwa hiyo kabla ya kufikiri kubadilisha, soma namba ya modeli na mwaka. Kuko watu wanatafuta kununua CDI, kumbe motere yao iko nayo tangu kiwandani.

3. Njia tatu

Njia ya kwanza: bakia na platine, lakini uzitunze. Platine mpya, kondansateri mpya, nafasi ipimwe na vile vibati vyembamba vya kupimia, si kwa jicho. Ni bei ndogo, na kila fundi wa porti anaweza.

Njia ya pili: kimoduli kidogo cha elektroniki kinachoshika nafasi ya platine na kondansateri. Vola na bobini vinabaki vya zamani. Ni rahisi kufunga, lakini hakikubali kila motere. Waya zikigeuzwa hakitoi cheche, na cheche ikitoka bado lazima fundi ahakikishe inatoka kwa wakati wake.

Njia ya tatu: kuhamisha CDI kamili kutoka motere ya mwaka wa mbele ya jamaa ile ile, kwa mfano iliyovunjika gia lakini kichwa ni kizima. Hapa usinunue nusu. Vola, sahani yenye bobini za chini, kaboksi na bobini za buji, vyote vitoke pamoja. Ukiweka sahani mpya chini ya vola ya zamani, sumaku hazipiti mahali zinapotakiwa, na cheche haitakuja ao itakuja wakati mubaya.

Kutoa vola kunahitaji chombo chake cha kuvutia. Marteau, hapana! Kupiga kunaharibu sumaku na mti wa motere. Vola ikitoka, angalia klaveti, kile kijichuma kinachoishika mahali pake. Ikiwa imekatika, hata CDI mpya itatoa cheche kwa wakati mubaya.

Kwa wale wenye boti ya motere ya esanse iliyofungwa ndani ya boti, kama za gari: vipande vya alumaji viwe vya boti, si vya gari. Mvuke wa esanse unalala chini ya boti, na vipande vya gari havikufungwa kuzuia cheche kutoka nje. Watu wameungua kwa sababu hiyo.

4. Pima kabla ya kununua

Papa mmoja anayebeba tomati zetu alikuwa ameweka pesa pembeni kwa ajili ya CDI. Fundi wake, mutu wa maneno machache, alikataa kugusa vola kwanza. Alipima mgandamizo wa silinda zote mbili. "Papa, kama silinda moja imechoka, utavalisha maiti suti," alimwambia. Silinda zilikuwa sawa. Akaangalia esanse, akasafisha karbiratere, akajaribu buji mpya. Mwisho akafungua vola: platine zimechimbika kama barabara yetu, na waya za chini zimepasuka. Hapo tu njo akasema, "Sasa tununue."

Waliweka CDI kamili. Motere inaitika mara ya kwanza ao ya pili, na ikienda polepole haikohoi tena. Lakini Papa aliniuliza, amekunja uso: "Agronome, mbona haikimbii zaidi?" Haiwezi kukimbia zaidi. Elektroniki inarudisha nguvu zilizopotea kwa cheche mbaya, haiongezi farasi. Anayekuuzia kwa ahadi ya mwendo, umuache.

5. Kitu ambacho watu hawasemi

Platine zinakufa polepole. Zinakuonya: asubuhi kuwasha ni kugumu, njiani motere inakohoa. Na ukiwa na turnevisi na papie ya msasa, unaweza kuzifufua. Kaboksi ya CDI inaweza kufanya kazi miaka mingi, halafu ikafa siku moja bila kukohoa. Haifunguliwi, haitengenezwi, na pale katikati ya ziwa hamuna magazini.

Kwa hiyo anayebadilisha abadilishe pia desturi zake:

– Kaboksi ya pili, hata ya okazio lakini iliyojaribiwa, ikae mu mfuko usioingiza maji. Makasia yasibaki nyumbani eti motere ni mpya.
– Waya wa kuzimisha motere usiguswe kamwe na umeme wa betri. Volti 12 kwenye waya ule zinaweza kuua kaboksi mara moja.
– Usivute kamba wakati waya za buji zinaning'inia hewani. Ukijaribu cheche, buji ziguse chuma cha motere, mbali na esanse.
– Waya wa masi usafishwe na kukazwa. CDI nyingi zinazosemwa zimekufa, ni masi tu imeoza.
– Jile za kuokoa maisha zinabaki kuwa lazima. Hakuna alumaji inayoshika nafasi ya jile.

Kwa koperative ambazo ninyi wenye lisansi mnazisaidia, hesabu ni hii. Andikeni mu kaye, kwa miezi mitatu, kila mara motere ilipokataa, sababu aliyoikuta fundi, na mizigo iliyoharibika. Kama sababu nyingi ni cheche na mgandamizo ni mzuri, CDI itajilipa. Kama sababu nyingi ni esanse chafu, nunueni filtre. Kama silinda zimechoka, hiyo pesa iwekeni pembeni kwa motere nyingine. Wazee wetu wa mitumbwi wanajua ziwa kutushinda. Kile tunachoweza kuwaletea ni kile kikaye, na mtu wa kukijaza kila safari.