Pumzi na Mapafu: Mambo Yampasayo Mhudumu wa Kanisa Kuyajua

Utangulizi

Wanafunzi wa theolojia hujifunza mapema kwamba neno la Kiebrania ruah, sawa na neno la Kiyunani pneuma, laweza kumaanisha upepo, pumzi au roho. Lugha yetu nayo ina hekima yake: kupumua, pumzi na kupumzika ni maneno ya shina moja. Hata hivyo, mtumishi awezaye kuyafafanua hayo yote huenda asijue ni jambo gani litendekalo kifuani mwa mtoto aliyeitwa kumwombea usiku. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi kazi ya mapafu, na kuonyesha jinsi ujuzi huo unavyohusu uchungaji katika wilaya za Ngara na Biharamulo.

Kazi ya mapafu

Mapafu hayana misuli ya kujipanua. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, yaani msuli mpana utenganishao kifua na tumbo, pamoja na misuli iliyo kati ya mbavu. Kiwambo kinaposhuka na mbavu zinapoinuka, nafasi ya kifua huongezeka na hewa huvutwa ndani. Wafua chuma Warongo, waliojulikana zamani katika sehemu za Biharamulo na Uzinza, walitumia kanuni iyo hiyo katika mivukuto yao.

Hewa hupita katika bomba la hewa, ambalo hugawanyika kama matawi ya mti mpaka kufikia vifuko vidogo mno. Mtu mzima anavyo mamia ya mamilioni. Vikitandazwa, vingefunika meta za mraba zipatazo 70. Kuta zake ni nyembamba sana, nazo zimezungukwa na mishipa midogo ya damu. Hapo oksijeni huingia katika damu, na kaboni dayoksaidi hutoka. Hewa tuivutayo ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Tuitoayo ina asilimia 16 hivi. Shina la ubongo hupima kaboni dayoksaidi iliyomo mwilini. Ikizidi, huamuru tupumue haraka zaidi.

Katika nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, vifuko hivyo hujaa usaha na majimaji. Oksijeni haipiti vema, na mtoto hulazimika kupumua upesi ili kufidia upungufu. Kwa hiyo wingi wa pumzi zake ni ushuhuda wa hali ya mapafu yake.

Pumzi penye msongamano

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani wakati ule. Mashirika mengi yaliitikia, likiwemo TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani. Maji na chakula viligawiwa kwa lita na kilo. Hewa haikugawiwa na mtu, lakini familia zilizobanana chini ya maturubai zilivuta hewa moja, yenye vumbi na moshi wa kuni.

Msongamano hurahisisha vijidudu kupita toka kwa akohoaye hadi kwa jirani yake. Moshi nao hudhoofisha vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kutoka njia ya hewa. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirejea kwao Desemba 1996, lakini moshi haukuondoka nao. Mama apikaye kwa mafiga ndani ya chumba kisicho na dirisha, mtoto akiwa mgongoni, yumo katika hatari iyo hiyo.

Wajibu wa mhudumu

Homa peke yake haitofautishi malaria na nimonia, na mtoto aweza kupewa dawa ya ugonjwa mmoja huku akizidiwa na mwingine. Basi mhudumu na atazame kifua. Mtoto akiwa ametulia, zihesabiwe pumzi zake kwa dakika nzima. Mwenye kikohozi au kupumua kwa shida hushukiwa kuwa na nimonia iwapo hesabu ni hii:

– umri chini ya miezi 2: mara 60 au zaidi;
– miezi 2 hadi kabla ya miezi 12: mara 50 au zaidi;
– miezi 12 hadi kabla ya miaka 5: mara 40 au zaidi.

Huyo apelekwe zahanati bila kungoja asubuhi. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, au akipatwa na degedege, au akilegea, haraka ni kubwa zaidi. Nimonia itokanayo na bakteria hutibika kwa dawa, na chanjo dhidi ya mojawapo ya bakteria wakuu wa ugonjwa huu hutolewa kwa watoto nchini tangu 2013.

Mara nyingi mwinjilisti wa mtaa huitwa kabla ya mganga, kwa kuwa yu karibu. Maombi yake hayapungukiwi kitu akiwa ameshika saa mkononi. Wazazi watangojea neno lake. Na neno la kwanza liwapasalo, baada ya amina, laweza kuwa kwamba waondoke sasa hivi, naye afuatane nao.