Safari ya Kumwendea Mtoto

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari iliyotupata sisi wenyewe hapa Dodoma, tena twaisimulia kwa kuwa ndani yake limo kosa letu. Ni rahisi mtu kusimulia makosa ya jirani yake, walakini kosa la jirani halimfundishi mtu sana.

Katika mwezi wa Julai, mwaka 2022, tuliitwa kuwa wakalimani wa wageni wawili, mume na mke, waliotoka Ulaya. Walikuwa watu wa makamo, nao hawakujaliwa kupata mtoto. Rafiki yao mmoja, aliyepata kufanya kazi katika nchi yetu, aliwapelekea picha ya mtoto mwanamume wa miaka mitatu, aliyekuwa akilelewa katika makao ya watoto mkoani kwetu. Wakaitazama picha ile miezi minane. Wakatengeneza chumba nyumbani kwao, wakanunua kitanda kidogo, kisha wakapanda ndege. Kutoka Dar es Salaam walikuja kwa basi, safari ya kilomita 450 hivi, yule mama akiishika picha mkononi njia nzima. Walikuwa na likizo ya majuma matatu, nao walidhani yatosha.

Siku ya kwanza tulipofika makaoni, watoto walikuwa wakinywa uji. Yule mama alipoonyeshwa mtoto akapiga magoti mchangani, akamnyooshea mikono. Mtoto akamtazama kidogo, kisha akakimbia, akajificha nyuma ya kanga ya mlezi wake. Wageni walikuwa wamemletea viatu na gari dogo la kuchezea. Gari alilipokea kwa mkono wa mlezi. Wageni wenyewe hakuwakaribia.

Mlezi akasema, “Msimharakishe. Kwake ninyi ni watu wa kupita. Wageni wengi hufika hapa, humbeba, hupiga picha, kisha huenda zao.”

Ndipo yule bwana akatuomba tumwulize mlezi, je, mtoto huyu ana mtu wake? Mlezi akajibu, “Mama yake alifariki alipomzaa. Baba yake alikwenda machimboni wala hakurudi. Bibi yake yuko, huko Kongwa, mzazi wa mama yake.”

Hapo ndipo tulipokosa. Tuliwatazama wageni nyuso zao, tukaona tumaini walilolibeba kutoka mbali, tukafasiri hivi: “Mama yake alifariki, na baba yake hajulikani aliko.” Neno la bibi tukaliacha. Hatukusema uongo, maana kila neno tulilolitamka lilikuwa kweli. Lakini kweli iliyokatwa nusu ni kama daraja lililokatwa nusu: avukaye huanguka.

Usiku ule usingizi haukuja. Tulikumbuka habari tulizopokea kwa wazee wetu, za njaa kuu ya Mtunya iliyoipiga Ugogo tangu 1917 hata 1920. Siku zile watu wengi sana walikufa, na wako wazazi waliowaweka watoto wao rehani kwa watu wenye chakula ili wapate kuishi. Waliowaweka hawakuwatupa. Mvua ziliporudi, mzazi aliyesalia alitaka kumkomboa mwanawe. Je, mtu aliyempokea mtoto yule angaliweza kusema, “Huyu hana mtu, ni wangu”? Nasi mchana ule tulikuwa tumesema neno lililokaribia kuwa hilo.

Alfajiri tukaenda katika nyumba ya wageni, tukawaeleza yote. Yule mama akanyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza, “Mbona hamkutuambia jana?” Tukajibu, “Tuliogopa machozi yenu.” Bwana akasema, “Basi na tumwone huyo bibi.” Twaandika neno hili kwa heshima yao, maana wangaliweza kunyamaza, wala hapana aliyewalazimisha.

Walakini mambo kama haya hayaendeshwi na wageni na mkalimani wao tu. Tulikwenda kwanza kwa afisa ustawi wa jamii. Yeye akaifungua Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, akatueleza polepole, nasi safari hii tukafasiri neno kwa neno. Alisema kwamba mtu asiye raia wa Tanzania aweza kumwasili mtoto wa Tanzania, lakini kwa masharti. Kwanza iwe imeonekana kwamba mtoto hawezi kupata malezi yafaayo hapa nchini. Tena mwombaji awe amekaa katika nchi yetu miaka 3 mfululizo, na awe amemlea mtoto huyo malezi ya kambo kwa muda usiopungua miezi 3, chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii. Asiwe mtu aliyepata kutiwa hatiani kwa uhalifu, na mamlaka za kwao zimshuhudie kwamba afaa. Mwisho wa yote, ombi huamuliwa na Mahakama Kuu, si na makao ya watoto wala si na mtu aliyeleta picha.

Waliposikia habari ya miaka 3, yule bwana akaitazama saa yake, kana kwamba miaka huhesabiwa humo. Akauliza, “Kwa nini muda mrefu hivi? Sisi hatuna nia mbaya.” Afisa akajibu, “Najua. Lakini sheria haiwezi kuona ndani ya moyo. Yaweza kuona tu mtu anayekaa na mtu anayepita.”

Huenda msomaji akaona sheria hii ni ngumu mno. Basi na akumbuke mambo yaliyotokea kwingine. Mwezi wa Oktoba, mwaka 2007, huko Abéché katika nchi ya Chad, watu wa chama kimoja cha Kifaransa kiitwacho L'Arche de Zoé walikamatwa wakijaribu kuwapandisha ndegeni watoto 103. Walisema hao ni yatima wa vita vya Darfur. Huko Ufaransa jamaa waliojitayarisha kuwapokea walikuwa wakingoja uwanjani. Watoto walipoulizwa mmoja mmoja, ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na mzazi au mlezi aliye hai. Jirani zetu pia waliyafikiri mambo haya. Kenya ilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wake na wageni mwaka 2014. Uganda ikaikaza sheria yake mwaka 2016. Ethiopia ikakataza kabisa mwaka 2018. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wahesabu kumpeleka mtoto nchi nyingine kuwa njia ya kufikiriwa pale asipoweza kutunzwa vema katika nchi yake.

Siku ya nne tulisafiri pamoja na afisa. Tuliifuata barabara ya Morogoro hata Mbande, tukaiacha, tukashika njia ya Kongwa. Wakongwa wawajua watu wa ng'ambo wenye nia njema na haraka nyingi: huko ndiko Waingereza walikoleta mitambo yao mikubwa mwaka 1947 walime karanga, na mwaka 1951 mradi wote ukaachwa, kwa kuwa udongo na mvua havikuulizwa kwanza.

Tulimkuta bibi mbele ya tembe lake, akipepeta uwele. Tukamwamkia, “Mbukwenyi,” akaitikia, akatuletea vigoda. Afisa alipomweleza sababu ya kuja kwetu, akakiweka chini kile chungo, akanyamaza. Kisha akasema kwa Chigogo, akitutazama sisi:

“Mwalimu, nilimpeleka akiwa na siku tisa. Mama yake tulikuwa tumemzika, na ng'ombe wangu walikuwa wamekauka maziwa. Nikaambiwa, huko yako maziwa ya watoto wachanga. Nikasema moyoni, akianza kula ugali nitamfuata. Mwaka wa kwanza nilikwenda mara mbili. Kisha mguu huu ukaniuma, na nauli ikanishinda. Waambie hawa wageni: nilimpeleka akanyweshwe, sikumtoa.”

Tukafasiri yote. Hatukupunguza neno wala hatukulilainisha. Bibi akauliza tena, “Wakimchukua, na siku moja akarudi hapa kunitazama, ataweza kuniamkia? Au atahitaji mwalimu kama wewe asimame katikati?”

Swali hilo hakuna aliyelijibu. Yule mama akafuta machozi, kisha akatuomba tumfundishe kutamka “Mbukwenyi”. Akalisema mara mbili, vibaya, na bibi akacheka, akaenda kutupikia ugali na mlenda. Wakala wote katika sahani moja.

Tulipokuwa njiani kurudi tulikumbuka habari za Musa. Hata binti Farao alipomtwaa kutoka mtoni, dada yake mtoto alikuwa amesimama mbali akiangalia litakalompata, na mama mzazi ndiye aliyeitwa amnyonyeshe. Karibu kila kikapu kina mtu asimamaye kwa mbali. Yatupasa kumtazama yeye kabla ya kukifungua.

Likizo ya wageni ikaisha, wakarudi kwao na mikono mitupu. Uchunguzi wa afisa ulichukua miezi mingi. Alipatikana mjomba wa mtoto, mkulima mwenye mke na watoto wawili, akakubali kumlea pamoja na bibi. Naye hakumchukua kwa siku moja kama mzigo. Kila mwezi alikwenda makaoni, akakaa na mtoto, akala naye, hata mtoto akawa anamngoja langoni. Mwaka 2023 akaenda naye Kongwa. Tulimtembelea mwaka 2024. Alikuwa mwembamba kuliko alivyokuwa makaoni, na miguu yake ina vumbi, hatufichi; lakini alituamkia kwa Chigogo bila kuambiwa, kisha akakimbilia mbuzi. Lile gari la kuchezea alikuwa nalo, limebaki magurudumu mawili.

Wageni walituandikia barua. Wamesema wameomba kulea mtoto katika nchi yao wenyewe, nao wako katika kungoja. Chumba bado ni kitupu. Wakaongeza neno hili, kwamba zamani walikuwa wakisema, “Twamtafuta mtoto wa kujaza nyumba yetu,” na sasa huulizana kwanza ni mtoto gani aliyekosa nyumba kweli. Hatuwezi kusema kwamba hawakuumia. Waliumia sana, nasi twaliona. Lakini walimpenda mtoto yule kiasi cha kukubali kwamba hakuwa wao.

Msomaji asidhani twasema kwamba kuasili ni jambo baya. Wako watoto wasio na bibi Kongwa wala mjomba mahali popote. Wametafutiwa jamaa na hawakupatikana. Hao wangoja mtu, na kila mwaka wa kungoja kwao ni mrefu kuliko wetu. Hapa ndipo neno letu la mwisho linapowaelekea ninyi, ndugu wa Dodoma, Mpwapwa, Manyoni na Kondoa. Wale wageni walivuka bahari kwa ajili ya mtoto mmoja. Sisi twapita mbele ya lango la makao ya watoto tukienda sokoni, wala hatugeuzi shingo.

Raia wa nchi hii asiyehusiana na mtoto aweza kuomba kumwasili, akiwa ametimiza miaka 25, na kumzidi mtoto huyo kwa miaka isiyopungua 21. Jamaa wa mtoto aweza kuomba hata akiwa na umri mdogo kuliko huo. Aendaye aanze kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yake, wala asianze kwa mtu wa pembeni anayeahidi njia ya mkato. Na asiyeweza kuasili aweza kuwa nauli ya bibi fulani. Tufikiri jambo hili: bibi yule hakushindwa kumpenda mjukuu wake. Alishindwa nauli ya basi kutoka Kongwa, na kwa sababu ya nauli hiyo mtoto alikaribia kwenda Ulaya.

Basi, mwenye jirani aliyempeleka mtoto makaoni kwa ajili ya maziwa, na amwulize wiki hii: “Ulikwenda lini kumtazama?” Na jibu likiwa ni la zamani, wafuatane.